Usiwanyang'anye Hedifoni Zao

Akinyi nyathina, mwanangu,

Umeenda Kondele kusukwa nywele, na kwa vile namjua yule msusi wako na mdomo wake, hutarudi hapa Migosi kabla ya giza kuingia. Afadhali. Nina hasira, na hasira yangu haijui kutoka mdomoni. Jana nilianza tu kuondoa sahani mezani hata kabla hujamaliza kula. Ukasema, "Mama umechoka, nenda ulale." Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekukasirikia wewe, mtoto wa kwanza kuitwa meneja katika nyumba hii, na nikaona aibu kukugombeza siku ambayo majirani walikuja kukupongeza.

Mambo ya blanketi, ya baridi ya huko Nakuru unakokwenda kuanza kazi na ya kumpigia shangazi yako kila Jumapili sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, ukisikia baridi utanunua blanketi. Naandika kwa sababu ya yale maneno uliyosema ukiwa umeshika kichwa cha samaki wa ngege mkononi.

Nilikuwa nimekuuliza tu hiyo ofisi ikoje. Ukasema ni ofisi nzuri, kampuni inauza pampu za maji, na wewe utasimamia wale wanaopokea simu za wateja. Nikafurahi, kwani hiyo ni kazi ninayoijua. Kisha ukacheka, ukasema: "Kitu cha kwanza nitakachofanya Jumatatu, Mama, ni kukusanya zile hedifoni zao zisizo na waya, niwarudishie simu za waya. Siku ile nilipoonyeshwa ofisi, nusu yao hawakuwa kitini! Mmoja anatembea huku, mwingine amesimama dirishani anaongea kama mwendawazimu. Mtu wa kazi lazima aonekane kitini."

Mtu wa kazi lazima aonekane kitini! Ala! Akinyi, maneno hayo umeyaokota wapi? Maana mimi nayafahamu, kila neno na mahali pake. Niliyasikia miaka mingi kwa sauti ya mwanaume mmoja, na siku alipostaafu nilimshukuru Mungu nikidhani ameondoka nayo. Kumbe yalikuwa yanakula ugali hapa mezani kwangu, na mimi ndiye nimeyasomesha!

Hebu keti usome. Usiruke mstari hata mmoja.

Unajua kwamba nilifanya kazi ya simu, lakini hujui ilikuwaje, kwa sababu kila jioni nilikuwa naingia, natupa mkoba, nauliza kazi ya shule iko wapi. Kampuni yetu iliuza mbegu, mbolea na dawa za wadudu, na wateja wetu wengi walikuwa wakulima wa mpunga wa kule Ahero. Sisi wa simu tulikaa chumba cha mbele. Ghala lilikuwa nyuma kabisa, mwisho wa ukumbi mrefu. Simu ilikuwa juu ya meza, na mkono wake wa kushikia ulifungwa kwa waya ule wa kujisokota, mfupi, hauwezi hata kukufikisha mlangoni.

Sasa, mkulima akipiga simu anauliza nini? Anauliza kitu kipo au hakipo, basi. Na jibu liko ghalani. Kompyuta ilikuwepo, ndiyo, lakini iliandikwa kile watu wa ghala walichokumbuka kuandika, na walikumbuka wakipenda. Kwa hiyo unamwambia mkulima, "Subiri kidogo," unalaza mkono wa simu juu ya meza, unakimbia ule ukumbi wote, unachungulia magunia, unakimbia tena kurudi. Yule mkulima muda wote huo anasikiliza feni yetu na mwenzangu Ouma akitafuna njugu. Ukirudi unahema, "Halo, Mzee, ipo," unakuta krediti imemwishia zamani. Wakulima walikuwa na jina la mambo hayo. Waliita kuwekwa mezani. "Tafadhali, mama, leo usiniweke mezani," ndivyo walivyoanza kuongea hata kabla ya kusema habari yako.

Na nikiwa sikimbii, nilikuwa nimebana huo mkono wa simu kati ya sikio na bega la kushoto, ili vidole vipate kuandika. Jaribu sasa hivi, Akinyi. Inua bega, lazia kichwa juu yake, kisha andika. Umechoka tayari? Mimi nilikaa hivyo kutoka asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mtu katika ofisi nzima aliyeona kuna jambo la kuuliza.

Meneja wetu tulimwita Bwana Koti, bila yeye kusikia. Alikuwa na koti la kahawia. Kila asubuhi alifika, akakohoa, akauliza nani amechelewa, akatundika lile koti nyuma ya kiti chake, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni kwenda Milimani kusimamia mafundi waliokuwa wanamjengea nyumba. Koti lilibaki. Wakubwa wakipiga simu kutoka Nairobi kuuliza kama meneja yupo, tulijibu yupo, ametoka chumbani kidogo, koti lake hili hapa. Mimi mwenyewe nilijibu hivyo mara nyingi sana kwa sauti yangu nzuri ya simu. Lile koti lilifanya kazi kuliko mwenyewe, haki ya Mungu. Na huyo ndiye aliyekuwa akisimama katikati ya chumba kututangazia kwamba mtu wa kazi lazima aonekane kitini! Sisi tulifungwa kwa waya, yeye akawakilishwa na kitambaa.

Sasa sikia. Siku moja alikuja kijana wa kuuza vifaa vya ofisi, akaacha hedifoni moja isiyo na waya tuijaribu. Ile ya kuvaa kichwani, ina kimaiki kinachofika karibu na mdomo, na kikalio chake cha kuchajia kinabaki juu ya meza. Bwana Koti alikuwa na haraka ya kwenda kwa mafundi wake, akaniambia, "Weka hapo uone." Ouma akaivaa kwanza, akajiita rubani, akatutangazia kwamba ndege inatua Kisumu. Tukacheka. Kisha simu ikalia, nikaichukua nikaivaa mimi.

Alikuwa Mama Adongo wa Ahero. Nilimjua kwa sauti tu. Mto ulikuwa umefurika, maji yameondoka na miche yake yote, na sasa alitaka mbegu nyingine ya mpunga, ile ya kukomaa haraka, kabla msimu haujampita. Vibarua wake walikuwa tayari. Kama hakuna mbegu, awaambie waende kwa mtu mwingine, na kwake mwaka umeisha hivyo. Akasema, "Mama, hii ndiyo krediti yangu ya mwisho. Usiniweke mezani."

Nikasimama. Akinyi, nilisimama tu, na simu ikasimama pamoja nami! Nikaanza kutembea ule ukumbi polepole, kama mtu mwenye heshima zake, huku tunaongea. Nikaingia ghalani. Nikamwambia, "Hii hapa ni ya muda mrefu, haikufai. Hii imelowa. Ngoja, nasogeza gunia." Akauliza, "Wewe uko wapi?" Nikamwambia niko ghalani. "Unatembea na mimi?" Nikasema, "Natembea na wewe, mama." Akacheka cheko moja kubwa, akasema, "Basi inama uniangalizie chini, panya wasiwe wamekula." Nikainama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa huru, nikageuza gunia, nikaandika jina lake hapo hapo kwa kalamu nene. Kesho yake akatuma mtu na pikipiki, akachukua.

Siku zile chache kazi ilikwenda, nakuambia, ilikwenda! Mtu aliuliza mara moja na kujibiwa mara moja. Hakuna kurudia jina, hakuna "umesema nani?", kwa sababu ile maiki ilichukua sauti yangu na kuziacha njugu za Ouma. Nilikuwa naandika huku naongea, kichwa kimesimama juu ya shingo kama Mungu alivyokiweka. Jioni nilikuja kukuchukua kwa jirani nikakubeba mgongoni hadi nyumbani, wewe mtoto wa darasa la tatu, mzito hivyo, na miguu yako inaning'inia. Ulishangaa. Ukaniuliza kama leo ni sikukuu.

Kisha Bwana Koti akarudi kazini siku moja kwa mlango wa ghala, ili wakubwa waliokuwa wamekuja kutembelea ofisi wasimwone akiingia. Akanikuta katikati ya magunia, nacheka. Nilikuwa na Mama Adongo tena, sasa anataka dawa ya wadudu. Akaniuliza, "Unaongea na nani?" Nikasema na mteja. "Mteja yuko wapi?" Nikaonyesha sikio. Akanyoosha mkono akaivuta ile hedifoni kichwani pangu, ikaja na nywele. Hakujua hata pa kuizimia. Sauti ya Mama Adongo ilikuwa inatoka kwenye kiganja chake, ndogo, kama ya mtoto aliye nje ya mlango: "Halo? Mama? Halo?" Na yeye ananiambia, mtu aliyetoka kuangalia mabati ya nyumba yake, ananiambia mimi: "Sikukuajiri utembee. Mtu wa kazi lazima aonekane kitini."

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Pole, Bwana." Pole! Pole ya nini? Hadi leo nikipika peke yangu naweza kukumbuka hiyo pole nikapiga mwiko kwenye sufuria. Na yule kijana aliporudi kuchukua kifaa chake, akaniuliza mbele ya Bwana Koti, "Mama, ilikusaidia?" nikajibu, "Ilikuwa sawa tu." Kitu kilichonipa mikono na kunirudishia shingo, nikakiita sawa tu. Bwana Koti akamalizia, "Haitufai hiyo, inafanya watu wawe wazururaji." Kijana akafunga boksi lake akaondoka. Ningesema ukweli siku ile labda nisingesikilizwa, lakini angalau mtu mmoja angeusikia.

Mama Adongo alifika mwenyewe wiki hiyo, na viatu vya matope. Alikuja hadi mezani kwangu, tukaonana kwa macho mara ya kwanza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe hata wewe unaweza kuniweka mezani." Nikainama kumwandikia risiti, kwa sababu Bwana Koti alikuwa ameketi pale, kwa mara moja tu mwezi huo, ndani ya koti lake.

Basi nikarudi kwenye waya na bega langu. Msimu ukapita, mwingine ukaja. Shingo ikaanza kuuma jioni, kisha mchana, kisha ikaniamsha usingizini. Nikapaka dawa, nikanywa vidonge, nikakanyagwa na mwanamke wa kukanda. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini akaniuliza kama nalala vibaya. Nikamwambia, "Silali vibaya. Nafanya kazi vibaya." Akaandika kitu, akanionyesha jinsi ya kunyoosha bega, akaniambia nibadilishe namna ya kushika simu. Nibadilishe! Nikaenda kumwomba Bwana Koti, naye akasema kama kazi imenishinda, wanaoitaka ni wengi.

Alipostaafu alikuja msichana anaitwa Wanjiru. Wazazi wake walikuja zamani kutoka kule Nyeri kuuza nguo hapa sokoni, na lugha yetu, Dholuo, anaongea safi kuliko wewe, samahani. Wiki ya kwanza hakuketi kwenye kiti cha Bwana Koti. Alivuta stuli akaketi kati yangu na Ouma, anasikiliza. Kisha akauliza, "Kwa nini mnawaweka watu mezani?" Akinyi, nilitaka kulia. Miaka yote hiyo, lile lilikuwa swali la kwanza la akili kuulizwa katika chumba kile.

Akatuletea hedifoni zisizo na waya, kila mtu na yake, na sponji zake, kwa sababu alisema masikio si ya kuazimana. Na usidhani hapakuwa na upuuzi. Ouma siku moja aliingia chooni na hedifoni kichwani, hakuzima maiki, akavuta maji, na mzee mmoja wa Ahero akasema kwenye laini, "Bwana, huko mjini mvua imeanza?" Wanjiru alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka alituwekea sheria: ukienda chooni, hedifoni inabaki kwenye kikalio chake. Na saa ya chakula pia, masikio nayo yapumzike. Yakaisha. Hakumfunga mtu kwa waya. Ouma mwenyewe alipoanza kuzurura kupiga soga kwa watu wa ghala, Wanjiru alimwita peke yake, akamwonyesha simu zilizolia bila kujibiwa, na Ouma akarudi na adabu. Kosa lilikuwa la Ouma, akaambiwa Ouma.

Sasa nirudi kwako, mheshimiwa meneja. Umemwona mtu amesimama dirishani anaongea. Ulimuuliza anaongea na nani? Pengine alikuwa na mama fulani ambaye pampu yake imezimika na mboga zinakauka, naye amesimama ili mgongo upumzike, aweze kumsikiliza bila kumkaripia. Na yule aliyekuwa anatembea, uliuliza anakwenda wapi? Pengine alikuwa anakwenda kuangalia kama hicho kipuri kipo au hakipo! Wewe ulichoona ni viti. Uliingia ofisi ya watu wanaofanya kazi ukahesabu viti vitupu, ukatoka umeridhika na hesabu yako. Bwana Koti angekukumbatia.

Na hebu niambie, siku walipokupigia simu kukuuliza maswali ya hii kazi, wewe ulikuwa wapi? Kitini? Ulikuwa na vile vidude vyako masikioni, unatoka sebuleni, unafika getini, unarudi, mikono inachora hewani, umewakanyaga hata vifaranga wa jirani yetu Mama Otis. Ulijibu vizuri kwa sababu ulikuwa unatembea. Nilikuangalia kutoka jikoni hadi ulipomaliza. Umepewa umeneja ukitembea, sasa unataka kwenda kuwakalisha wenzako!

Kuna jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Kanisani unaketi kulia kwangu. Barabarani unatembea kulia kwangu. Jana pia, meza nzima iko wazi, ukavuta kiti ukaja kulia. Unadhani ni mazoea tu. Ulianza ukiwa mtoto, kwa sababu ukiniita kutoka kushoto ilinibidi nigeuke mimi nzima, mabega, kiuno na miguu, kama kabati linalohamishwa. Ulikuwa mdogo, ulinionea huruma bila kujua, ukawa unazunguka kuja upande ninaoweza kukuona. Mara moja uliniuliza kwa nini nageuka hivyo, nikakujibu ni uzee. Sikuwa hata na miaka arobaini. Haikuwa uzee, Akinyi. Ilikuwa simu. Ilikuwa mwanaume mmoja aliyependa kuona watu wameketi.

Nilipaswa kukuambia mapema, ndiyo. Nilitaka uone mama mwenye kazi nzuri ya ofisini, si mama aliyeharibiwa na kiti. Na ona sasa kimya changu kimekufundisha nini.

Kesho nitakusindikiza hadi kwenye basi. Nitasimama upande wa pili wa barabara, pale ambapo litapita kulia kwangu, ili nikuone hadi mwisho. Nimeshapafikiria mahali penyewe, kwa hiyo usinivute vute.

Na Jumatatu, ukiingia humo ofisini ukamkuta tena yule mtu wa dirishani, kabla hujamnyang'anya chochote, subiri amalize na mteja wake. Kisha nenda usimame nyuma yake, upande wa kushoto, umwite kwa jina lake. Akigeuza kichwa peke yake, mwili ukabaki pale ulipokuwa, basi ana kitu ambacho mama yako hana. Mwachie.

Oriti, nyathina.

Mama